Sindano na Istilahi: Historia Fupi ya Uchunguzi wa Tezi za Limfu za Kifuani

Kuvimba kwa tezi za limfu zilizo kati ya mapafu hakuoneshi kwenyewe kama chanzo ni kifua kikuu au saratani. Sharti seli zake zichukuliwe na kupimwa. Mwaka 1949, nchini Argentina, Eduardo Schieppati alieleza kwa Kihispania namna ya kuzifikia kwa sindano inayopenyezwa kwenye panda ya koo la hewa. Maelezo yake ya Kiingereza yalichapishwa mwaka 1958. Mwaka uliofuata, Eric Carlens wa Sweden alieleza mediastinoskopia, yaani upasuaji mdogo wa chini ya shingo, ambao ulitawala kwa miongo kadhaa. Nchini Marekani, Ko-Pen Wang na wenzake waliihuisha sindano mwaka 1978, na kufikia mwaka 1983 waliipitisha katika bronkoskopu inayopindika. Hata hivyo, daktari alichoma tezi asiyoiona. Mwaka 2004, Kazuhiro Yasufuku na wenzake wa Chiba, Japani, walichapisha matokeo ya kuiongoza sindano kwa picha za mawimbi ya sauti.

Maarifa ya Schieppati yalisubiri miaka 9 kuvuka lugha moja. Mgonjwa wa Afrika Mashariki anayeombwa ridhaa ya kuchomwa hana muda huo. Kwake, kusanifisha istilahi hizi ni sehemu ya tiba.