Tarzan hakufika Kariakoo

Tarzan wengi tunamjua kwa filamu, yule jamaa wa kurukia mizabibu ya msituni. Kumbe kitabu cha saba cha mfululizo wake, Tarzan the Untamed (1920), kinaanzia huku kwetu. Ni mwaka 1914, Afrika Mashariki. Wajerumani wanachoma shamba la Tarzan, naye anakuta maiti anayodhani ni ya mkewe. Kinachofuata ni kisasi tu, hadi kuwaachia simba ndani ya mahandaki yao.

Mwandishi wake, Edgar Rice Burroughs, hakuwahi kukanyaga Afrika. Hadithi ya kwanza ya Tarzan ilipotoka kwenye jarida mwaka 1912, aliweka chui milia Afrika. Wasomaji wakamshtukia, na kwenye kitabu akageuka simba jike. Halafu kabila analoliongoza Tarzan linaitwa Waziri. Hebu fikiria, kabila zima la mawaziri!

Ila ukurasa wa kwanza wa Untamed una jambo la kweli: wapagazi, hoi bin taabani, wanaswagwa kwa singe na vitako vya bunduki. Hawatajwi majina. Hadithi ikishapata shujaa wake inawasahau. Wajerumani wenyewe, kitabu kilipowafikia katika miaka ya 1920, walichukia jinsi walivyochorwa, wakasusia Tarzan. Wapagazi hawakuwa na wa kuwasusia.

Na vita ile ilibebwa kichwani. Reli zilikuwa chache, mbung'o waliua farasi na nyumbu, kwa hiyo unga na risasi vilisafiri juu ya watu. Waingereza peke yao waliandikisha mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, wapagazi wa Carrier Corps wakawekwa kambini pale ambapo leo ni soko. Midomo ya watu ikafanya kazi yake: Kariakoo.

Ukishuka mjini utaikuta Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927. Maneno yaliyochongwa chini yake aliyatunga Rudyard Kipling, huyohuyo wa Mowgli, mtoto wa msituni ambaye wengi humhesabu kama babu yake Tarzan. Kipling aliwakumbuka wapagazi kwenye maandishi hayo. Lakini anayesimama juu ni mwenye bunduki. Mpagazi yuko kwenye mdomo wa konda wa daladala, kila asubuhi, na Nairobi nako wanamwita Kariokor.