Mraibu kwa Mraibu: Historia ya Mikutano ya Kuacha Pombe

Katika kata ya Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru ndani ya Manispaa ya Morogoro, mtu aliyeshindwa na pombe kwa kawaida hupelekwa kwa wazee wa ukoo, kisha kwa padri, mchungaji au shehe, na hali ikizidi kuwa mbaya hupelekwa hospitali. Njia nyingine, ambayo ni mkutano wa waraibu wenyewe wanaosaidiana kuacha, haijazoeleka, ingawa ina historia ndefu na sehemu ya historia hiyo ni ya Afrika Mashariki. Mraibu hapa ni mtu ambaye mwili na akili yake vimetawaliwa na kilevi kiasi kwamba hawezi kuacha hata anapotaka.

Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, pombe ya nafaka iliambatana na tambiko, sherehe na kazi za kusaidiana, na unywaji ulikuwa na majira yake. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua wa mshahara, pombe iligeuka bidhaa ya kila siku kwenye vilabu. Serikali zilizofuata ziliitazama kwa jicho la leseni na marufuku: Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulizuia pombe kali kuingizwa kwa ajili ya Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, sheria ya mwaka 1966 ilidhibiti moshi, yaani gongo, na viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo, vilipigwa marufuku Machi 2017. Hatua hizo zilihusu kinachouzwa na anayeuza, lakini hazikumwonesha aliyekwisha kuzama mahali pa kwenda jioni ile anapoamua kuacha.

Jibu la swali hilo lilitafutwa na walevi wenyewe. Mwaka 1840, katika baa moja mjini Baltimore nchini Marekani, wanywaji 6 waliapa kuacha pombe wakaanzisha chama cha Washingtonian, ambacho kilivuta umati mkubwa lakini kikasambaratika baada ya miaka michache, kwa sehemu kwa sababu kilijiingiza katika mabishano ya siasa na dini. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alihofia kurudia ulevi akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith. Wilson hakumhubiria bali alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe, na katika masimulizi hayo ndipo kiini cha jambo zima kilipo, kwa kuwa msimuliaji alisaidika sawasawa na msikilizaji. Hapo ndipo ilipozaliwa Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, ambayo mwaka 1939 ilichapisha kitabu chenye hatua 12 za kuacha ulevi.

Wilson na Smith walitokea katika Oxford Group, vuguvugu la Kikristo la Frank Buchman, ambaye maisha yake yaligeuka mwaka 1908 huko Keswick, Uingereza. Mafundisho ya mikutano ya Kikristo ya Keswick yalimlea pia daktari Joe Church, ambaye mwaka 1929 alikutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, mjini Kampala, na kutoka kwao ukaenea uamsho wa walokole, yaani waliookolewa, uliofika hadi Tanganyika. Walokole walikutana wakakiri makosa yao mbele ya wenzao na wakaacha pombe. Hivyo mkutano wa kukiri udhaifu hadharani haukuwa mgeni kabisa katika nchi hii, ila ulikuwa wa waumini, na asiyekuwa mlokole hakuwa na kiti humo.

Mfumo wa hatua 12 ulipata nguvu nchini Tanzania kupitia janga la heroini. Narcotics Anonymous ya waraibu wa dawa za kulevya, iliyoanza California mwaka 1953 kwa kufuata mfano wa AA, ndiyo iliyoongoza mwenendo wa nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, ambazo Zanzibar ilianza kuzifungua mwaka 2009 na ambazo baadaye zilienea Tanzania Bara. Ndani ya nyumba hizo waraibu huishi pamoja na kuhudhuria mikutano ambamo kila mmoja hushea, yaani husimulia hali yake bila kukatizwa, na wanywaji wa pombe nao walipata nafasi.

Mkazi wa Mzinga anayetafuta mkutano anaweza kuulizia kitengo cha afya ya akili hospitalini au katika soba, na mwenye simu ya intaneti anaweza kuhudhuria mikutano ya mtandaoni. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu amwone daktari kwanza, kwa sababu kuacha ghafla huweza kuleta degedege na hata kifo. Mkutano wa wazi hupokea yeyote, wakiwamo ndugu, ilhali wa ndani ni wa wenye tatizo pekee. Hakuna kiingilio, na sharti moja tu la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Mapitio makubwa ya kitabibu ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyojumuisha tafiti 27 na washiriki 10,565, yalionesha kuwa AA na tiba zinazomwelekeza mgonjwa huko huwasaidia watu kuacha pombe kabisa kwa kiwango kinacholingana na tiba nyingine au kuzishinda.

Ugumu mkubwa ni siri, kwa kuwa mitaani watu hufahamiana kwa ukoo, kanisa, msikiti na kazi, na ndiyo maana wanachama hutumia jina la kwanza tu na huahidi kutotoa nje yaliyosemwa ndani. Mahali pasipo na mkutano, kanuni za AA hazidai jengo, msajili wala mtaalamu: walevi wawili au watatu wakikutana ili waache pombe, bila kikundi chao kuwa tawi la taasisi nyingine, wanaruhusiwa kujiita kikundi cha AA tangu siku hiyo.