Mwaka wa Mbiru

Bibi yangu hana siku ya kuzaliwa. Ana mwaka, tena si wa tarakimu: "Nilizaliwa wanaume wakiwa wamekaa Same." Ukimuuliza tarehe anakutazama kama umemuuliza ana nywele ngapi. Kitambulisho chake cha taifa kinasema 1 Julai, maana karani alikuwa na nafasi ya kujaza na foleni ilikuwa ndefu. Basi kila 1 Julai sisi wajukuu tunampigia simu na kumwimbia. Yeye anacheka tu, anauliza kama mvua imenyesha huko mjini.

Hao wanaume waliokaa Same walikuwa watu wa Mbiru. Zamani mbiru ilikuwa ushuru ambao Wapare waliwapa watawala wao wa jadi. Miaka ya Vita Kuu ya Pili, chini ya Waingereza, jina hilo la nyumbani likavishwa kodi mpya, inayopanda na kushuka kwa kadiri ya mali ya mtu. Ukiisikia juu juu ni haki kabisa: mwenye nacho alipe zaidi. Lakini ili ujue nani anacho, lazima mtu aje kukadiria. Ng'ombe wangapi? Kahawa kiasi gani? Na mkadiriaji mwenyewe ni mtu wa chifu, pengine ndiye uliyegombana naye mpaka wa shamba mwaka jana. Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, kwa hiyo unaweza kukisia.

Januari 1945 watu wapatao 2,000 walishuka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Miezi ikapita. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa siku zote. Walichogomea ni kule kukadiriwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa Mpare mwenyewe, aliandika juu ya mgogoro huo mwaka 1971, na ukimsoma unaona jinsi ukadiriaji ulivyokuwa kiini cha ugomvi. Wanaume walipokawia kurudi, wanawake wa Usangi waliandamana wakamwambia ofisa Mzungu amalize shauri waume zao warudi, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe. Bibi akifika hapo hufunika mdomo kwa khanga. Hatimaye kodi ilifutwa.

Niliwahi kuitafuta tarehe yake halisi. Kwao ni Mamba, ambako Waadventista Wasabato walifika 1903, na Wasabato hawabatizi watoto wachanga. Kumbukumbu za kanisa zingenipa siku aliyobatizwa akiwa msichana, si siku aliyozaliwa. Angezaliwa kwa Walutheri wa Upare Kaskazini, wanaobatiza vichanga, labda ningepata kitu. Nikaacha.

Sisi wajukuu tarehe tunazo, na tunazigawa kama njugu. Keki, picha, mwaka na yote. Sasa toa kitambulisho chako cha NIDA uangalie: namba ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa namba hiyohiyo na alama ya kidole ndivyo tulivyosajili laini zetu za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini sijui sheria gani itamzuia mtu kutangaza mambo yake mwenyewe. Au ya bibi yake: mwaka juzi binamu yangu mmoja alibandika mtandaoni picha ya bibi na kitambulisho chake, eti tumtakie heri.

Wiki haikuisha, bibi akapigiwa simu. Kijana mwenye sauti ya adabu alimwamkia, "Shikamoo bibi," akamtaja majina yote matatu bila kukosea. Alitaka "kuhakiki" akaunti yake ya pesa kwenye simu, kwa hiyo aitaje namba ya siri. Ili bibi amwamini, akamsomea: wewe ni fulani, umezaliwa tarehe 1 Julai.

"Hapana baba," bibi akamjibu, "huyo si mimi. Mimi nilizaliwa mwaka wa Mbiru."

Akakata simu, akarudi kuchambua maharage.