Wazee wa Upinde



Wapendwa wasomaji, juma lililopita niliwatembeza watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katika mji wetu wa Bagamoyo, ili wajue wanaishi mahali pa namna gani. Tulianzia kwenye misioni ya zamani, iliyoanzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, kisha tukateremka hadi jengo la misafara, pale walipopumzika wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji. Nikawaeleza kwamba pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa watu, zikavuka kwenda Unguja, na kutoka Unguja zikasafiri hadi India, Ulaya na Marekani, ambako zilichongwa bangili, vipini vya visu, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano.

Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: “Padre, na hao tembo waliuawa na nani?”

Nakiri kwamba swali hilo lilinikamata. Majina ya wafanyabiashara tunayajua. Tippu Tip twamjua, Sewa Haji twamjua, na wasafiri wa Kizungu walioanzia safari zao hapa tumewasoma tangu shuleni. Bali yule aliyesimama mbele ya tembo, akiwa na ujuzi wake na hofu yake, hatujui hata alikuwa mtoto wa nani. Kwa hiyo tafakari ya juma hili ni deni ninalomlipa mtoto yule.

Biashara ya pembe katika pwani yetu ni ya kale sana. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 10, aliandika habari za watu wa Zanji waliowinda ndovu, na jinsi pembe zilivyopelekwa Oman, na kutoka huko hadi India na China. Wawindaji walitumia njia nyingi: mashimo, mikuki, na katika karne ya 19 bunduki kwa wingi. Lakini kulikuwa na watu ambao kwao uwindaji wa ndovu ulikuwa kazi ya upinde. Ukitoka Bagamoyo ukaelekea kaskazini, ukapita Saadani, Pangani na Tanga, ukavuka mpaka na kuiacha Mombasa nyuma yako, utafika katika nyika iliyo nyuma ya Malindi, kando ya mto Galana. Hapo ndipo kwao Wawaata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Ni watu wachache, na lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Pembe walizozipata ziliteremka kwa wafanyabiashara wa pwani, kama zilivyoteremka zile za Bagamoyo.

Upinde wa Mwaata haukuwa mchezo. Kuuvuta kulihitaji nguvu ya paundi 100 na zaidi, yaani zaidi ya kilo 45. Upinde wa mashindano ya Olimpiki wa siku hizi huvutwa kwa nguvu ya karibu nusu ya hiyo. Watafiti wameulinganisha na pinde za vita za Waingereza zilizoopolewa kutoka katika merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Mtu hakuweza kuushika upinde wa namna hiyo leo na kuuvuta kesho. Mwili ulipaswa kulelewa pamoja nao, tangu utotoni na upinde mdogo, hadi mifupa na misuli ikubali.

Hata hivyo, nguvu haikuwa siri ya mabingwa hao. Mshale ulipakwa sumu ya mti wa msungu, iliyopikwa kwa saa nyingi mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami, nao ukafungwa kwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke. Wapishi wa sumu waliijaribu kwa namna ya kutisha kidogo: mtu alijikata kidogo mkononi, akaiacha damu itiririke, kisha akagusisha sumu kwenye ncha ya mchirizi ule, mbali na jeraha. Damu iligeuka nyeusi kuelekea juu, naye akaifuta kabla haijafika kwenye kidonda. Kwa mwendo wa weusi ule alipima ukali wa sumu. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga sumu iliyomo katika miti ya jamii hiyo, akaipa jina lililotokana na neno la Kisomali, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kutibu moyo. Elimu ambayo wengine waliidhani ni ushenzi ilikuwa tayari ni famasia.

Mwenye upinde huo, pamoja na sumu hiyo, bado alilazimika kumkaribia ndovu hatua chache tu, mara nyingi zisizofika thelathini. Ilimpasa ajue upepo unakovuma, jani lipi likikanyagwa litalia, na mahali gani pa tumbo mshale ukiingia sumu itafanya kazi upesi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi twaitumia methali hiyo kwa mambo madogo ya nyumbani. Kwa wazee wale ilikuwa sheria ya uhai. Mwenye majivuno hakufika hatua ya ishirini.

Kila mwindaji alikuwa na alama yake katika mshale, ili ndovu akianguka ijulikane ni wa nani. Alama hizo hizo ndizo zilizowaponza. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Kenya iliitangaza Tsavo kuwa hifadhi ya taifa, na nchi waliyoiwinda Wawaata tangu mababu ikawa nchi ambamo kuwinda ni kosa la jinai. Katika miaka ya 1956 na 1957 wahifadhi David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza operesheni kubwa dhidi yao. Mabingwa walisakwa mmoja mmoja, miongoni mwao Galogalo Kafonde, ambaye sifa zake zimeandikwa vitabuni na wale wale waliomsaka. Wengi waliishia gerezani.

Hapa, wapendwa, pana jambo ambalo halikutazamiwa. Kadiri Woodley alivyowafahamu wale aliowakamata, ndivyo alivyozidi kuwastahi. Akaona kwamba hakuna mtu aliyemjua ndovu kama wao, na kwamba si haki kumwita mtu mhalifu kwa kazi aliyorithi, ukamwacha bila kazi nyingine. Kutokana na fikra hizo, mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, chini ya Ian Parker, ili Wawaata wawinde kwa halali na kwa kiasi. Lakini mpango haukuwafanya kuwa wenye mali; wengi waliishia kuwa vibarua, na katikati ya miaka ya 1960 ukafa. Baadaye ikaja bunduki. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 160,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Ukame wa 1970 na 1971 uliwaua maelfu huko Tsavo, lakini ujangili wa silaha za moto ulifanya makubwa zaidi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba upinde haukuua. Uliua, na tena wengi. Wala simwambii kijana yeyote wa parokia hii aingie Saadani na mshale. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, nasi twapaswa kuitii, kwa sababu viumbe hawa ni amana tuliyokabidhiwa. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuzuiwa kazi yake bila kudharauliwa elimu yake. Wazee wale walinyang’anywa vyote viwili, na hasara ikawa yetu sote.

Lakini kuna somo jingine, na hili liko hapa hapa Tanzania, kwa ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi. Wao bado huwinda kwa upinde, na mwaka 2011 baadhi yao walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Mtaalamu Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, ameeleza desturi yao moja ambayo haiondoki akilini mwangu. Mhadzabe aliyeua mnyama mkubwa harudi kambini akipiga kelele. Huja kimya, akaketi na wanaume wenzake kama kwamba hapana jambo. Mshale wake una damu, nao waliopo huiona. Damu ile ndiyo humsemea. Nyama nayo si yake kuigawa apendavyo. Ni ya kambi nzima.

Tafakarini picha hiyo. Mtu ametembea tangu alfajiri, amevumilia kiu, amefanya jambo ambalo wengi hawaliwezi, kisha anaketi na kunyamaza. Si kwamba hajui thamani ya alichokifanya. Anajua kwamba akijisifu ataigawa kambi, na kambi ikigawanyika hakuna mwindaji atakayepona, hata aliye hodari. Unyenyekevu wake si unyonge. Ni ujuzi uliokomaa mpaka hauhitaji shahidi mwingine zaidi ya kazi yenyewe. Debe tupu, twajua wote, haliachi kuvuma.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 25, anatuonyesha jinsi hekima na shauri jema vinavyowapendeza wenye mvi. Nami nawatazama wenye mvi wa parokia yetu, ambao huketi viti vya nyuma na hawaombi kutambulishwa. Yuko aliyeunda majahazi maisha yake yote, na bado anaweza kukuambia ubao utapasuka wapi kwa kuugonga tu kwa kidole. Yuko mvuvi ajuaye kusi na kaskazi kuliko redio. Yuko mama aliyewapokea duniani nusu ya wanakwaya wetu. Hawasemi, kwa maana hawajazoea kusema. Nasi kwa kuwa hawasemi, twadhani hawana neno. Siku tukiwazika, husomwa wasifu wa dakika tatu, na elimu ya miaka sitini hushuka nao kaburini.

Basi nawaomba jambo moja. Katika jumuiya zenu ndogondogo juma hili, kila familia imtafute mzee mmoja, iketi naye, na imwulize kazi yake ilivyofanyika. Msimwulize juu ya ushindi wake, maana atacheka na kubadili maneno. Mwulizeni ni lini alikosea, na alijifunza nini kwa kosa hilo. Hapo ndipo mzee wa kweli hufunguka. Na watoto wawepo, wasikie.

Yule mtoto aliyeniuliza swali nimemwahidi jibu Jumamosi hii. Nitamwambia kwamba jina la aliyemuua tembo silijui, lakini najua alivyotembea: taratibu, akiinama, bila kelele.