Kidonge cha usingizi na kumbukumbu isiyo na dawa

Chatsworth, kitongoji kilichopo kusini mwa jiji la Durban, kilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya Wahindi waliohamishwa kwa nguvu na utawala wa ubaguzi wa rangi. Hospitali yake, iliyopewa jina la wakili R. K. Khan, ilifunguliwa mwaka 1969. Kama zilivyo hospitali nyingi za umma nchini Afrika Kusini, haikosi majeruhi wa kichwa, wa ajali za barabarani na wa mapigano.

Wachache miongoni mwa majeruhi wa aina hiyo huhitaji upasuaji wa ubongo. Walio wengi hurudi nyumbani. Jeraha lao huitwa dogo, ingawa neno hilo halimfariji karani anayepotelewa na hesabu alizozizoea, wala mama anayesahau chungu jikoni. Swali la jamaa zao ni moja: je, ipo dawa ya kurudisha kumbukumbu na umakini?

Mwaka 1999 nchi hiyo ilishuhudia tukio lililowapa wengi matumaini. Huko Springs, mashariki mwa Johannesburg, Dakta Wally Nel alikuwa akimhudumia kijana aliyelala miaka kadhaa bila fahamu kamili baada ya kugongwa na gari. Kijana huyo alikuwa akihangaika kitandani, naye daktari akaagiza apewe zolpidemu, kidonge cha kawaida cha usingizi. Haikupita nusu saa, mgonjwa akazungumza na mama yake. Saa chache baadaye dawa ikaisha nguvu, naye akarudi katika hali yake ya awali. Alipopewa tena, akaamka tena.

Dakta Ralf Clauss, bingwa wa tiba ya nyuklia, aliupiga picha ubongo wa mgonjwa huyo kabla na baada ya kidonge. Sehemu zilizoonekana kama zimelala zilipata damu zaidi. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2000 katika jarida la kitabibu la Afrika Kusini, na mwaka 2006 wakaeleza habari za wagonjwa watatu. Magazeti ya Ulaya yaliandika juu ya muujiza.

Lakini muujiza wa mtu mmoja si tiba ya watu wote. Nchini Marekani, John Whyte na wenzake waliwajaribu wagonjwa 84 wa aina hiyo. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2014, yalionyesha kuwa ni 4 tu waliozinduka kwa dhahiri. Kwa hao wanne si haba. Amantadini, dawa ya zamani ya mafua, ilifanya vizuri zaidi: mwaka 2012 ilibainika kuwa huharakisha nafuu kwa walioumia vibaya, japo kasi hiyo hupungua dawa inapositishwa.

Na wale wenye jeraha dogo? Tumaini kubwa lilikuwa sitikolini, iliyokwisha kuuzwa katika nchi nyingi kama dawa ya ubongo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2012 uliwahusisha majeruhi 1,213, baadhi yao wakiwa na jeraha dogo lililoonekana katika picha za ubongo. Nusu walipewa sitikolini kwa siku 90, nusu vidonge visivyo na dawa yoyote. Kumbukumbu na utendaji wa makundi hayo mawili havikutofautiana. Biashara ya dawa hiyo, hata hivyo, haikukoma.

Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kurejesha akili ya mtu mwenye jeraha dogo. Madaktari hutibu maumivu ya kichwa, humshauri mgonjwa apumzike siku moja au mbili, kisha arudie kazi kidogo kidogo, na wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Ama zolpidemu, kidonge kilichomzindua kijana wa Springs, wanaotahadharishwa nacho ni hawa hawa: hata kwa mtu mwenye afya njema, huweza kusababisha usahaulifu.