Nairuzi na Wageni wa Pwani ya Makunduchi

Watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, ambao hata leo hukoga mwaka kila mwezi wa Julai kwa kupigana kwa migomba na kutia moto kibanda cha makuti, wamehifadhi taarikhi iliyokuwa zamani mali ya mabaharia wengi wa Bahari ya Hindi: mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, ukigawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao kwao Ahmad ibn Majid, mwalimu mashuhuri wa vyombo katika karne ya 15, alihesabu misimu ya safari zake. Mwaka huo haungojei siku ya ziada, bali hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Na Nairuzi, ambayo zama za Ibn Majid iliangukia Novemba, sasa hufunguka kusi ingali ikivuma.

Ndipo nao wageni huanza kushuka: sululu wenye midomo iliyopinda, na vitwitwi ambao wengine wametotolewa Siberia. Jahazi za Sur, Omani, hazikuwa na budi kuingoja kaskazi ndipo zije kwetu, ilhali ndege hufika tangu Agosti, wakipingana na kusi. Katika kurejea tu, mnamo Aprili, ndipo chombo na ndege walipofuata upepo mmoja.

Atakaye kuwatazama na achague siku za bamvua, atoke alfajiri maji yakiwa yamejaa, kisha ayafuate yakipwa hadi kwenye uwanda wa mchanga na mwani, kina mama wakitafuta pweza huku na huku. Aliye adimu kwangu kuliko wote ni yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye hunyemelea, husimama kimya, kisha hukimbia ghafla akamnyakua kaa na kumtikisa hata miguu imtoke. Huyu ni jirani wa Waomani: katika pwani zao na za Ghuba huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe, na joto la ardhi likamsaidia kulilea. Ajabu yake ni kwamba hata huku ugenini kinda wa kijivu humwandama mzazi wake akilia, naye mzazi humlisha.

Habari za ndege hawa kwa Unguja na Pemba ziliandikwa na Waingereza: J. H. Vaughan, na baadaye R. H. W. Pakenham, ambaye orodha yake ilitoka mwaka 1979. Kazi yao ni adhimu, wala siipunguzii thamani. Lakini natamani kwa dhati daftari jingine, litakaloandikwa na vijana wa Makunduchi wenyewe kwa hesabu ya kwao: mwongo gani sululu wa kwanza amesikika, mwongo gani wa mwisho ameondoka. Hesabu hiyo ikishikwa barabara, basi kila miaka 40 ndege wasiobadili majira yao wataonekana wamechelewa mwongo mmoja kamili. Na wakichelewa zaidi au kuwahi, daftari litatujulisha kuwa ni bahari au nchi za kaskazini zilizobadilika.