Kisukari na Tuhuma ya Ulevi

Insulini, yaani homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari iliyomo katika damu, ilianza kutumiwa kumtibu mgonjwa wa kisukari mjini Toronto, Kanada, mwezi Januari 1922. Dawa hiyo iliwaokoa watu waliokuwa wakifa mapema, lakini ilikuja na hatari yake, kwa sababu dozi ikizidi au mlo ukichelewa, sukari hushuka mno hata ubongo ukakosa chakula chake, na mgonjwa akaanza kutokwa na jasho, kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka na pengine kuwasukuma wanaotaka kumsaidia. Kwa askari wa doria, hizo ndizo dalili za mlevi.

Enzi hizo ulevi ulitambuliwa kwa macho na pua: mtuhumiwa aliamriwa kutembea juu ya mstari, akasikilizwa usemi wake na kunuswa pumzi. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi wa jimbo la Indiana nchini Marekani, alibuni kifaa cha kupima kileo katika pumzi, na kikawafaa sana polisi wa barabarani. Hata hivyo, kifaa hakiwezi kumtetea mtu ambaye askari ameshaamua, kwa kumtazama tu, kwamba amelewa.

Ndivyo ilivyokuwa mjini Charlotte, North Carolina, tarehe 12 Novemba 1984. Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari, alihisi sukari inashuka, akamwomba rafiki yake ampeleke dukani kununua juisi ya machungwa, lakini alipokuta foleni ndefu alitoka haraka, jambo lililomtia shaka askari mmoja, akalifuata gari lao na kulisimamisha. Rafiki alieleza kwamba huyo ni mgonjwa. Askari mwingine aliyefika baadaye akajibu kuwa amewaona wagonjwa wengi wa kisukari na hakuna aliyefanya hivyo, na kwamba huyu kalewa tu. Graham, ambaye alikuwa amezimia kwa muda mfupi kando ya barabara, alifungwa pingu na kusukumizwa garini, na hata juisi ilipoletwa askari walikataza asipewe. Alirudishwa nyumbani baada ya kuthibitika kwamba hakuwa amefanya kosa lolote dukani, akiwa amevunjika mguu, ana michubuko na bega lililoumia.

Mwaka 1989, katika kesi ambayo Graham aliwashtaki askari hao, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba nguvu inayotumiwa na polisi ipimwe kwa kuuliza kama askari mwenye busara, akiwa mahali pale na kwa yale aliyoyajua wakati ule, angeiona kuwa inafaa kwa hali ilivyokuwa. Kigezo hicho kinatawala mashauri ya polisi nchini humo hadi leo, lakini kinaanzia machoni pa askari, wala hakimlazimishi waziwazi kupima sukari au kumsikiliza anayemjua mgonjwa, na hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa. Kesi iliporudishwa kusikilizwa upya, Graham alishindwa.